Bahari isiyozamisha mtu

Wiki mbili zilizopita nilikaa karibu saa nzima katika ukumbi wa mapokezi wa hoteli moja hapa Dar es Salaam, nikimsubiri mtu ambaye hatimaye hakutokea. Mbele yangu ilitundikwa picha ya kuchora, kubwa kama mlango. Jahazi, minazi miwili iliyoinama, na jua jekundu linazama. Maji yametulia kama chai kikombeni. Bila shaka, ndugu msomaji, nawe umekwisha kuiona mahali, kwani kuanzia Mwenge hadi Mji Mkongwe picha ya aina hiyo haikosekani dukani.

Sina ugomvi na aliyeichora. Kalisoma soko na watoto wake wanakula. Lakini tusidanganyane: bahari ile si yetu. Sisi ndio tuliozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, wa Spice Islander mwaka 2011, wa MV Skagit mwaka 2012 na wa MV Nyerere mwaka 2018. Iweje basi maji yetu yakifika kwenye picha yasimzamishe hata mtu mmoja?

Jua lile lilinirudisha Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, ambako niliwahi kusimama jioni kwenye ufuko wa Ziwa Mweru. Ni ziwa, lakini upepo ukivuma utadhani uko Nungwi. Wanawake walikuwa wakianua chisense, vidagaa vyao, waliovianika mchangani tangu asubuhi. Katika ziwa hilo kuna hata kisiwa kiitwacho Kilwa, nami kama mtu wa pwani nilijisikia nyumbani bila sababu ya maana.

Nchelenge iko mashariki mwa ziwa, hivyo jua huzama upande wa Kongo. Katika wilaya hiyohiyo, ndani kidogo kutoka ufukweni, kuna makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo walioanza kumiminika Agosti 2017, wakikimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Wengi wao husema Kiswahili. Kwa mtalii machweo ni pambo, lakini mtu wa Mantapala akitazama jua likizama anatazama kwao. Akilichora, hataweka minazi.

Nasema hivyo kwa sababu Katanga, walikotoka watu hawa, ina historia ya uchoraji ambayo sisi hatuijui inavyostahili. Mwaka 1946, mjini Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, alianzisha karakana ya wachoraji. Humo ndimo alimotokea Pilipili Mulongoy, bingwa wa samaki na ndege. Kazi nzuri mno, ila wanunuzi wake wakubwa walikuwa Wazungu.

Kinachonivutia zaidi kilikuja baadaye. Miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa mitaani walichora kwenye vitambaa vya mifuko ya unga, na wanunuzi wakawa wafanyakazi wa migodini, makarani na walimu. Walizitundika sebuleni. Picha iliyopendwa sana ni ya mamba muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, ambaye humtajirisha anayetunza siri yake kisha humdai roho ya ndugu. Nyingine, inakale, ni ya mtu aliyebanwa pande zote na wanyama wakali, na majini mamba anamngojea. Hayo ndiyo maji waliyoyaleta nyumbani kwao, wakayatazama wakila ugali.

Miongoni mwa wachoraji hao alikuwamo Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia nzima ya nchi yake na kumsimulia kwa Kiswahili mtafiti Johannes Fabian katika miaka ya 1973 na 1974. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakuonekana tena.

Hapa kwetu Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli na mbao nyembamba. Kipaji kilikuwapo, na kipo. Wanunuzi tangu mwanzo walikuwa wageni, na mgeni aliyelipia likizo hanunui dhoruba. Kosa si lake, ni letu sisi tunaotoa pesa kununua ua la plastiki na kalenda ya benki, halafu tunalalamika kwamba wasanii wetu wanachora simba tu.

Kwa hiyo wanaohusika na Mantapala, pamoja na mbegu na majembe, wapeleke rangi na brashi. Zikipakwa kwenye magunia yatatosha, kwani ndivyo walivyofanya wazee wao. Na mamlaka zetu za bandari ziache kutundika picha za viongozi pekee kwenye kumbi za abiria. Ziagize picha ya maji kama yalivyo.

Mimi nimeanza na sebule yangu. Nimemwomba kijana mmoja wa Mwenge anichoree Nungwi usiku ule wa Septemba 2011. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika kwamba sitaki jua.