Si kila kivuli katika mapafu ni kifua kikuu



Mtu ana pumu tangu miaka. Siku moja inazidi, anakohoa, anapungua mwili, na radio inaonyesha kivuli katika mapafu. Kambini watu wanasema mara moja: kifua kikuu. Wengine: vumbi la mgodi. Mara nyingi wana haki, na kifua kikuu ndicho cha kutafutwa kwanza. Lakini kama makohozi yamepimwa vizuri, hata kwa mashine ya GeneXpert, na vijidudu havikuonekana, kwa nini kumeza dawa miezi 6 na kisha kuanza tena? Mimi naona hapo tuulize habari ya kuvu.

Kuvu iitwayo Aspergillus huota katika majani yanayooza na nafaka iliyolowa. Mbegu zake hazionekani kwa macho, sisi wote tunazivuta. Lakini mwili wa wengine wenye pumu hauzivumilii: njia za pumzi zinavimba na kujaa ute mzito. Waganga wa Uingereza waliueleza ugonjwa huu mwaka 1952. Hauambukizi, basi msimtengee mgonjwa sahani. Ila ukiachwa, njia za pumzi zinapanuka, na hazirudi tena.

Kipimo kimoja hakitoshi kuujua. Damu inapimwa kama inapigana na Aspergillus, tena inahesabiwa IgE. Tangu 2024 wataalamu wanashika hesabu ya 500. Zamani ilikuwa 1000. Lakini kwetu minyoo nayo inapandisha hesabu hiyo, kwa hiyo choo kipimwe pia. Si kila labo ina vipimo hivi, ni kweli. Lakini hakuna atakayeviomba kama mgonjwa hakutaja pumu yake.

Mama, mgonjwa akikohoa kipande kigumu cha rangi ya kahawia, kama kizibo, usikitupe. Kilete katika kopo safi lenye kifuniko. Hicho kinatuambia mengi.

Dawa zipo, prednisolone au itraconazole, kwa miezi, chini ya macho ya mganga. Prednisolone ya sokoni, ile wengine wanameza ili wanenepe, muiache kabisa: kama ni kifua kikuu, inakipa nguvu, na kuna minyoo ambayo kwa sababu yake inatapakaa mwili mzima.

Na aliyekwisha kuanza dawa za kifua kikuu asiziache mwenyewe kwa kusoma ukurasa huu. Aje kwanza kwenye kliniki, na picha zake zote za radio, hata zile za zamani.