Tunataka vitanda vya mwezi, si vyumba vya usiku moja tu

Kila mwaka, masomo ikikaribia kufunguliwa, tunawaona pale gare ya Dilolo: vijana na valize zao, na mufuko wa unga wa muhogo, wanangojea gari ya moshi ao lori ya kwenda Kolwezi. Ni zaidi ya kilometa 400. Njia ni mateso, lakini njia inaisha. Kinachowatia woga ni pa kulala wakifika.

Kule Kolwezi, mji wa shaba na kobalti, nyumba inapangishwa kwa dola, na mwenye nyumba anamuangalia kwanza mtu wa kampuni ya madini. Mwanafunzi anaombwa garanti ya miezi sita. Sheria iko: ile ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi tatu. Nani anaiheshimu? Hata sisi wazazi tumekwisha lipa miezi sita bila kusema neno, juu mtoto alikuwa nje na mvua ilikuwa inakuja.

Kijana mwanaume anaweza kulala chini kwa ndugu, ku salon, na asubuhi anachota maji ya nyumba yote mbele ya kwenda ku kozi. Kwa binti ni neno lingine. Kuna mabwana wanaomtolea binti chumba bure, na kiisha miezi mbili mama yake anaelewa bei ilikuwa nini. Wengine wanarudi kwetu na mimba, masomo imebaki kule. Tunayajua, tunanyamaza.

Wakubwa waliosoma Lubumbashi wanakumbuka ma-home ya Kasapa. Walibanana, kweli. Wale waliolala bila jina lao ku liste waliitwa “maquisards”, na tunacheka tukisikia hadisi zao. Lakini walimaliza masomo, na leo ndio wenye maofisi.

Na hapa Dilolo kwenyewe? Tangu reli ya Angola ilifunguliwa tena mu 2015, kutoka Lobito mupaka Luau, zaidi ya kilometa 1300, kila mukubwa anayepita anatuhubiria Corridor. Wenye franga wanajenga hoteli. Vizuri. Lakini hoteli inahesabu usiku, kwa dola, na watu wetu wanahesabu mwezi. Muganga wa stage, mwalimu mupya ambaye mushahara haujatoka, Mulunda ao Muchokwe aliyevuka kutoka Luau kufuata karatasi ao mugonjwa wa jamaa: hawa wanakaa wiki tatu, miezi mbili. Misheni inapokea wachache. Wengine wanalala ku baraza ya watu.

Tunachoomba si kikubwa. Nyumba yenye vyumba vya vitanda vinne, upande wa mabinti na ufunguo wake na mama mulinzi, maji, taa, jiko moja la kupikia bukari. Malipo kwa mwezi, kwa franga za Kongo, na garanti ya mwezi moja tu. Karibu na gare kuna nyumba za zamani za reli. Kabla ya kujenga mupya, wazitazame hizo.

Watu watasema franga zitatoka wapi. Code ya madini ya 2018 inaachia jimbo 25% ya redevance. Lualaba si jimbo maskini ku karatasi. Watasema pia mwanafunzi halipi. Halipi dola mia sita kwa mara moja, hapana. Muuze baba yake mbuzi ngapi? Lakini kidogo kidogo kila mwezi, analipa, hata kwa kuuza makala siku ya Posho.

Waanze na vitanda arobaini Kolwezi, kwa watoto wa Dilolo, Sandoa na Kapanga, na makumi mbili hapa gare. Na liste ya majina ibandikwe ku mulango, wazi, ili vitanda visiishie kwa wapwa wa wakubwa. Masomo inafunguliwa karibuni, na binti wa jirani yetu amekwisha funga valize.