Ushahidi Haujikusanyi Wenyewe

Maovu yatendekapo katika nchi za wengine, serikali nyingi hutoa taarifa ya masikitiko, kisha zikanyamaza. Lakini masikitiko hayajengi kesi. Kesi hujengwa kwa ushahidi, nao ushahidi huhitaji wapelelezi, wakalimani, ulinzi wa mashahidi na serikali iliyo radhi kuwatia mbaroni washukiwa waliojificha kwake.

Kenya inalijua hilo. Baada ya mauaji ya halaiki ya Rwanda ya 1994, Umoja wa Mataifa uliunda mahakama maalumu iliyokaa Arusha. Mnamo Julai 1997 serikali yetu iliwakamata washukiwa kadhaa, wakiwemo Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa mauaji hayo, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Kambanda alikiri makosa yake mwaka uliofuata, akafungwa maisha. Lakini Félicien Kabuga, ambaye kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa amejificha Kenya, hakukamatwa hadi 2020, tena karibu na Paris. Mwaka 2023 majaji waliamua kwamba afya yake haikumruhusu kushtakiwa. Haki iliyocheleweshwa ilikuwa imeponyoka.

Kwa walimu na wanafunzi wa lugha, kesi za Arusha zina funzo la pekee. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, mtaalamu wa isimu aliitwa kueleza maana ya maneno ya Kinyarwanda kama "inyenzi", yaani mende, na jinsi yalivyotumiwa dhidi ya Watutsi. Ngeze naye alitiwa hatiani 2003, na miongoni mwa makosa yake ni uchochezi kupitia gazeti lake. Ilidhihirika kwamba neno laweza kuwa silaha, na kwamba mahakama haiwezi kulipima bila mjuzi wa lugha.

Wapo watakaosema kwamba ya Ngoswe tumwachie Ngoswe. Je, wameisahau kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa 1992 kwa ajili ya wakimbizi wa Sudan? Vita vya jirani hubisha hodi kwetu daima. Vilipozuka tena Sudan Aprili 2023, Umoja wa Mataifa uliunda tume huru ya uchunguzi Oktoba mwaka huo huo. Kenya, iliyochaguliwa 2024 kuingia katika Baraza la Haki za Binadamu, haina budi kuziunga mkono tume za aina hii kwa kura, kwa fedha na kwa kuwalinda mashahidi waliokimbilia kwetu. Vyuo vikuu navyo viandae wakalimani wa Kiarabu na Kimasalit. Shahidi asiyeeleweka ni sawa na shahidi aliyenyamazishwa.