Kutoka Boxer Hadi Himalayan: Kabla Uite Hiyo Flex, Panda Nduthi Nai Hadi Chwele Kwanza

Kila Disemba, na kila Agosti ya mwaka wa tohara, barabara ya kutoka Nai kwenda Magharibi hujaa wasee wa nduthi. Zamani ilikuwa Boxer na TVS tu, begi imefungwa nyuma na raba ya tyubu. Siku hizi ukisimama Nakuru kuweka petroli unaona kitu ingine. Nduthi ndefu, tairi ya mbele kubwa, masanduku ya chuma ubavuni, msee amevaa koti la kinga na viatu vya kufika magotini. Royal Enfield Himalayan, KTM, Honda, na wale wenye doh kabisa, BMW GS.

Mtandaoni watu wanawacheka. "Unanunua nduthi bei ya gari na bado unanyeshewa?" Fair. Lakini wengi wa hawa wasee hawakuanza na hizo ndefu. Walianza na cc 150 kama sisi wote, wakaenda nayo ocha mara mbili, mara tatu, halafu mgongo ukaongea.

Mimi nilikuwa kwa ile timu ya kucheka. Nilitoka hiyo timu Agosti 2024, mahali fulani kati ya Salgaa na Mau Summit.

Vile mgongo uliongea

Kwetu ni Kabuchai, hapo karibu na Chwele, kaunti ya Bungoma. Kama wewe ni Mbukusu ama umeoa huko, unajua Agosti ya mwaka shufwa si ya kukosa. Binamu yangu alikuwa anatahiriwa, na ukikosa hiyo, utaskia jina lako kwa kila harusi na matanga kwa miaka kumi ijayo.

Nauli ilikuwa imepanda vile hupanda, so tukaamua na beshte yangu tuende na nduthi. Mimi Boxer ya cc 150, ile nilikuwa natumia kupeleka deliveri baada ya kuachana na college. Yeye alikuwa ameuza Boxer yake, akaongeza mkopo wa sacco, akachukua Himalayan ya cc 411 iliyotumika. Njia nzima ni kama kilomita 400. Tulitoka Uthiru saa kumi na moja asubuhi.

Hadi Naivasha nilikuwa fiti. Gilgil vidole vikaanza kufa ganzi, hiyo mtetemo ya engine ikipanda kwa mikono. Nakuru nikashuka nikitembea kama mzee wa pensheni. Beshte yangu alikuwa ameshaagiza chai na anapiga stori na mhudumu, kama mtu ametoka nyumba ya pili.

Tukapita Salgaa. Kila mtu anajua hiyo stretch na historia yake. Lori likaja upande ule mwingine, upepo wake ukanipiga kifua. Kwa kawaida unajiinamisha kidogo, unashika, yanaisha. Siku hiyo mikono ilichelewa. Tairi ya mbele ikashuka kwa ukingo wa lami, nikayumba, nikarudi barabarani kwa bahati tu. Macho yalikuwa mbele lakini akili yote ilikuwa kwa kiuno.

Beshte yangu aliona yote akiwa nyuma. Mau Summit akasimama, akanipa funguo. "Boss, panda hii. Yako nitashuka nayo mimi."

Kutoka hapo ni kupanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, baridi ya kukata masikio. Nilikuwa nyuma ya kioo kidogo cha mbele, miguu imekaa mahali inafaa, mgongo umenyooka. Eldoret nikashuka nikiwa bado na nguvu ya kubishana kuhusu mpira. Yeye ndiye alishuka akitembea kama mzee.

Nini hasa inabadilika

Watu hudhani tofauti ni speed. Hapana. Himalayan 411 ina farasi kama 24 na uzito wa karibu kilo 199. Hiyo si roketi. Boxer 150 ina farasi kama 12, lakini ni nyepesi sana. Kwa barabara yetu yenye malori na kamera, wote mnafika karibu saa ile ile.

Tofauti ni vitu vinne.

Kwanza, saspensheni. Ya Himalayan mbele inacheza milimita 200, nyuma 180. Ya Boxer haikaribii hapo, na shoku zake za nyuma zimetengenezwa zibebe watu wawili na gunia. Ukiwa peke yako zinakuwa ngumu, kila shimo linakuja moja kwa moja kwa uti wa mgongo.

Pili, upepo. Bila kioo, kwa kilomita 80 kwa saa, kifua chako ndicho kinafanya kazi ya kioo. Unavuta usukani masaa nane bila kujua unavuta, ndio maana mabega yanauma jioni.

Tatu, kukaa. Kiti cha Boxer ni kirefu na bapa kwa sababu kimetengenezwa kwa abiria. Dereva anakaa mbele kabisa, magoti yamekunjwa. Kwa safari ya stage hadi hospitali ni sawa. Kwa kilomita 400, hapana.

Nne, uchovu wenyewe. Hii ndiyo watu husahau. Kenya inapoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabara, na wasee wa nduthi wako kati ya wanaokufa zaidi. Tunaongea sana kuhusu speed na pombe, na ni sawa. Lakini mtu amechoka mwili anashika breki akiwa amechelewa, hata kama hajaonja chochote. Mimi sikuwa nimeonja kitu hapo Salgaa, na nilikuwa karibu kwenda.

Kwa mfuko, Boxer inabaki bingwa. Kama kilomita 45 kwa lita, tanki la lita 11, unaweza kujaza Nai ufike nyumbani. Himalayan inacheza kama 30 kwa lita. Kwa bei ya petroli ya wakati huo, karibu 190 kwa lita, hiyo ilikuwa kama mia nane zaidi kwa safari ya kwenda. Mia nane si kitu kidogo. Lakini nimewahi kulipa zaidi ya hiyo kwa dawa za mgongo.

Mbona nchi nzima imekalia kiti kimoja

Hapa ndio stori inakuwa ya siasa kidogo.

Karibu mwaka wa 2008, serikali iliondolea ushuru pikipiki za chini ya cc 250. Lengo lilikuwa kazi kwa vijana na usafiri wa bei rahisi vijijini, na kusema ukweli ilifanya kazi. Huku kwetu, mahali neno boda boda lilizaliwa na baiskeli za kuvusha watu mpaka wa Busia, baiskeli zikaisha, nduthi zikaingia. Vijana wangapi wa Chwele wamejenga, wamesomesha, wameoa kwa sababu ya hiyo sera.

Lakini soko likafuata hiyo njia moja. Kilichokuja kwa wingi ni cc 100 hadi 150 za kubeba mzigo, kwa sababu ndizo mtu wa stage angeweza kulipia kidogo kidogo. Nduthi ya masafa ikabaki kitu cha watu wa vilabu vya wikendi. Sasa bei ya Himalayan moja mpya inanunua Boxer kadhaa.

Na angalia mijadala. Mswada wa kudhibiti boda boda uliopelekwa Seneti 2023 na Seneta wa Kakamega, Boni Khalwale, uliongelewa sana kwa upande wa usajili, mafunzo na nidhamu. Hiyo ni sawa. Lakini mtu anayekaa kwa kiti hicho masaa kumi na mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, mwili wake hauingii kwa mjadala. Anayelipia starehe ni yule wa safari mbili kwa mwaka. Anayeihitaji zaidi hayuko hata kwa hesabu.

Khocha akapewa funguo

Khocha wangu yuko stage ya Chwele tangu 2009. Ameshapanda Boxer mbili hadi zikaisha. Asubuhi akiamka anakaa kitandani kwanza dakika tano, akingoja mgongo ukubali.

Tulipofika, kukhu alituombea, akasema tunuke sabuni si petroli, halafu khocha akaanza kuzunguka ile Himalayan.

"Khocha, ipande," nikamwambia.

Akaenda nayo hadi Kimilili na kurudi. Aliposhuka hakusema kitu kwa muda. Halafu: "Mwana, nimepita matuta ya pale chini na sikuskia kitu. Miaka kumi na tano mimi hushuka kwa hayo matuta nikiomba Mungu."

Nikadhani ataanza kupiga hesabu ya mkopo. Wapi. Akaanza maswali, moja baada ya nyingine.

"Mama ametoka soko na magunia mawili ya kabichi, anapanda hapa juu aje? Kukhu wako akienda kliniki, mguu wake utafika hapa? Ikianguka kwa matope ya Mukwa mvua ikinyesha, kilo mia mbili nainua na nani? Na ikiharibika Jumapili, spea iko Chwele ama nangoja basi kutoka Nairobi?"

Sikuwa na jibu hata moja. Boxer, fundi yeyote chini ya mti anaifungua na spana tatu.

Kubwa zaidi si lazima iwe poa zaidi

Maswali ya khocha yanafaa hata kwa wewe wa Kanairo mwenye doh.

Hii picha ya kichwani kwamba safari ndefu inataka BMW kubwa ilitoka sana kwa televisheni. 2007 Ewan McGregor na Charley Boorman walitoka Scotland hadi Cape Town kwa Long Way Down, na BMW R 1200 GS Adventure, wakiingia Kenya kupitia Moyale. Wakati huo Moyale hadi Isiolo ilikuwa barabara ya kuvunja chuma. Leo ni lami. Na wao walikuwa na magari ya kuwasaidia na kikosi nyuma. Wewe una nani? R 1250 GS ni kilo 249 bila mizigo yako. Jaribu kuinua hiyo peke yako kwa tope.

Angalia Noraly Schoenmaker, yule Mdachi wa Itchy Boots. Alijulikana akipanda Himalayan, lakini alipokuja kukata Afrika alikuwa na Honda CRF ya 300, nduthi nyepesi zaidi. Mtu amezunguka dunia akachagua kushuka cc. Alichagua ile anaweza kuinua mwenyewe.

Huku kwetu, safari tamu iko hapo nyuma ya nyumba. Toka Chwele, vuka Lwakhakha uingie Uganda, Mbale, panda Sipi kwa maporomoko, Kapchorwa, shuka mpaka wa Suam, Endebess, Kitale, halafu Kamukuywa na Kimilili urudi nyumbani. Umezunguka Mlima Elgon mzima. Mradi wa barabara ya Kapchorwa, Suam na Kitale umefanya hiyo njia kuwa rahisi kuliko zamani. Beba logibuku na bima ya COMESA, ile kadi ya njano. Hiyo safari haihitaji cc 1,250. Inahitaji mgongo mzima na tairi nzuri.

Upande wa Nai nako, tangu upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit uzinduliwe Novemba 2025, jitayarishe kwa vumbi, mchepuko na lami iliyokatwa. Saspensheni itafanya kazi kuliko farasi.

Kabla hujauza Boxer

Ukiniuliza kama ubadilishe, nitakujibu kwa maswali. Unaenda masafa mara ngapi kwa mwaka? Kama ni Disemba tu, azima ama kodi kwanza. Panda masaa matatu mfululizo, si kuzunguka mtaa. Miguu inafika chini? Unaweza kuiinua ikilala? Fundi wa karibu anaijua? Himalayan mpya ya cc 452 ina farasi 40 na tanki la lita 17, ni tamu, lakini inapoa kwa maji na ina umeme mwingi. Uliza spea kabla ya kuuliza rangi.

Kama jibu ni bado, kuna mambo ya bei ya chini. Kiti kitengenezwe upya na sponji ngumu, usukani uinuliwe kidogo, shoku mpya, kioo kidogo cha mbele, na kusimama kila baada ya saa moja na nusu hata kama hujachoka.

Mimi bado naweka akiba. Nataka ya chini ya kilo 200, iliyotumika, na nitaipata. Lakini kabla ya kurudi Nai hiyo Agosti, nilitoa thao chache kwa ile akiba, tukaenda na khocha kwa fundi wa viti hapo Chwele. Sponji mpya, mbele imeinuliwa kidogo, mahali pa abiria pamebaki vile vile. Shoku tukabadilisha siku hiyo hiyo.

Nilimpigia simu wiki iliyofuata kumuuliza mgongo unaendeleaje. Akasema bado anakaa kitandani asubuhi kabla ya kuamka. Lakini siku hizi ni dakika mbili.