Madawati hayafuti deni la kampuni

Kampuni ikikabidhi madawati shuleni, hundi ya mfano huinuliwa mbele ya kamera na mkuu wa wilaya hutoa shukrani. Madawati hayo tunayapokea, maana wapo watoto wanaokaa sakafuni. Tunachokataa ni kuyageuza kuwa cheti cha uadilifu.

Mjadala wa wajibu huo si mpya. Mmarekani Howard Bowen aliandika kitabu kuhusu wajibu wa wafanyabiashara kwa jamii mwaka 1953. Mwaka 1970 mchumi Milton Friedman akashikilia kuwa wajibu wa biashara ni kuongeza faida bila kuvunja sheria. Mwanazuoni wa usimamizi R. Edward Freeman, mwaka 1984, akawaingiza wafanyakazi, wateja na majirani katika hesabu. Hoja zikakomaa, ripoti zikanenepa, ila utekelezaji ukabaki hiari ya mwenye mali.

Hiari hiyo ilipimwa Savar, Bangladesh. Aprili 23, 2013, nyufa zilionekana katika jengo la Rana Plaza. Benki iliyokuwa humo iliwaondoa watumishi wake. Mafundi cherehani wa ghorofa za juu, wengi wao wanawake, waliamriwa kurudi kazini kesho yake, wengine wakitishiwa kukatwa mshahara. Jengo likaporomoka. Wakafa watu zaidi ya 1,100, waliokuwa wakishona nguo za maduka ya Ulaya na Marekani. Kanuni za maadili zilikuwapo kwenye makabrasha. Hazikumzuia msimamizi hata mmoja mlangoni.

Kilichofuata ndicho kilichofanya kazi: mkataba wa kisheria kati ya kampuni za nguo na vyama vya wafanyakazi, wenye wakaguzi huru na matokeo yaliyotangazwa hadharani. Kiwanda kilichokaidi kilipoteza oda.

Mwaka huohuo India ilipitisha sheria inayozitaka kampuni kubwa kutenga asilimia 2 ya faida kwa ajili ya jamii. Tanzania nayo, tangu 2017, inazitaka kampuni za madini kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri. Ni hatua njema, lakini sheria hizo zinagusa faida ikishapatikana. Ilivyopatikana, kwa mshahara gani na kwa maji ya nani, ndiko kwenye deni lenyewe.

Hukumu yetu ni kwamba hiari imeshindwa. Bunge liifanye ripoti ya ukaguzi huru wa usalama na mazingira kuwa sharti la leseni, ibandikwe kwa Kiswahili ofisi ya kijiji, na halmashauri isipokee msaada wa kampuni iliyoificha.