Bamvua na Ilmu ya Potenshali

Mwanamke wa Paje au Jambiani alimaye mwani, kilimo cha biashara kilichoanza huko mwaka 1989, hana haja ya kuhadithiwa na mwanachuoni yeyote kwamba kazi yake hufuata mwezi: siku za bamvua, maji yakishakupwa, hutoka na vigingi na kamba zake akafunga tai-tai kwa haraka kabla maji hayajajaa, na maji yakiwa mafu hubaki na shughuli za nyumbani. Ilmu yake imekamilika kwa haja yake. Ninalolalamikia ni kwamba vijana wetu husomeshwa hisabu kana kwamba imetoka nchi isiyokuwa na pwani.

Mwanahisabu atakaye kujua mwezi huivutaje bahari haanzi na nguvu yenyewe, bali na idadi moja kwa kila nukta, iitwayo potenshali. Nguvu hutokana na jinsi idadi hiyo inavyobadilika toka nukta hadi nukta, na potenshali ya mwezi na ya jua hujumlishwa tu. Kwa hiyo mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, athari ya jua, ambayo haifiki nusu ya ile ya mwezi, huongezeka juu yake, na tofauti ya maji kujaa na kupwa bandarini Unguja hukaribia mita 4 katika bamvua kubwa. Laplace wa Ufaransa aliandika katika miaka ya 1770 milinganyo ya jinsi bahari inavyoitikia mvuto huo juu ya dunia inayozunguka, naye Doodson, Mwingereza, mwaka 1921 akaichambua potenshali hiyo katika sehemu karibu 400, iliyo kubwa kuliko zote ikirudi kila saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana maji ya leo huchelewa yapata dakika 50 kuliko ya jana.

Walakini kuandika mlinganyo si kuufumbua. Pwani ya kweli ina miamba na ncha, na jawabu lililo laini kila mahali huenda lisipatikane. Sobolev, Mrusi, katika miaka ya 1930 alionyesha njia: funksheni isidaiwe ulaini katika kila nukta, bali ipimwe kwa jumla, yenyewe pamoja na mabadiliko yake, na zote zitimizazo sharti hilo zikusanywe katika nafasi moja. Ndani ya nafasi za namna hiyo amali ya potenshali, yaani kanuni inayopokea mgawanyo wa tungamo na kurudisha potenshali yake, hujulikana hasa inalainisha kiasi gani. Wanaodhani haya ni anasa ya wenye wasaa wafahamu kwamba uthibitisho wa hesabu nyingi za kompyuta juu ya bahari umejengwa hapo.

Tangu 2023 Bweleo kuna tawi la chuo cha IIT Madras, nalo lasomesha sayansi ya data na akili bandia. Ni jambo la kupongezwa. Lakini data peke yake itamwambia kijana kwamba maji hurudi, isimwambie kwa nini. Nawasihi wakuu wa chuo hicho na wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar waingize ilmu ya potenshali na nafasi za funksheni katika ratiba zao, na mazoezi yake yatolewe katika vipimo vya maji ya bandari yetu wenyewe.