Majani ya Sukari, Tuyapime



Hapa kwetu Ilomba, mtu akipatikana na ugonjwa wa sukari, juma haliishi kabla hajaletewa dawa ya miti shamba. Jirani ataleta majani ya mparachichi ya kuchemsha. Wifi ataleta unga wa mlonge alioununua Mwanjelwa, na mama mmoja wa kwaya atataja mzizi ambao mwenye nao hataki kuusema jina. Wote wanampenda mgonjwa. Lakini sisi ndio tunaochemsha na kumimina kikombe, kwa hiyo ni juu yetu kuuliza: je, dawa hii inashusha sukari kweli?

Hatusemi kwamba miti shamba ni ushirikina. Nabii Isaya mwenyewe aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia. Hata vidonge vya metifomini wanavyopewa wengi kliniki, asili yake ni mmea. Huko Ulaya watu walitumia tangu zamani mmea uitwao galega. Wataalamu walikuta ndani yake kitu kinachoshusha sukari, ila kina sumu. Kondoo wakiula kwa wingi hufa. Wakatafuta dawa ya jamii hiyo isiyo na madhara yale, na mwaka 1957 daktari Mfaransa, Jean Sterne, akatangaza matokeo ya metifomini kwa wagonjwa. Nguvu ilikuwamo katika mmea, lakini bila kupima wasingeweza kuitenga dawa na sumu.

Tunakumbuka Loliondo, mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyefariki mwaka 2021, alichemsha mizizi ya mugariga kijijini Samunge na kutoa kikombe kwa shilingi 500. Maelfu walisafiri kwenda huko, na baadhi ya wagonjwa walifia njiani au kwenye foleni. Mwaka ule ule vikombe vikazuka kwingine, hata Mbeya. Shuhuda zilikuwa nyingi, na hatuna sababu ya kuwaita waliozitoa waongo. Lakini mwenye sukari anaweza kujisikia mzima kabisa huku sukari ikiwa juu, inaharibu macho, figo na mishipa ya miguu kimya kimya. Katika ugonjwa huu kujisikia vizuri si ushahidi.

Ushahidi ni kipimo. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, huo ni ugonjwa. Lakini hata kipimo kinataka uangalifu. Baba aliyeanza mlonge mwezi huu ameacha pia soda, amepunguza ugali na anatembea kwa miguu mpaka Uyole. Sukari ikishuka, sifa ni za nani? Ndiyo maana watafiti hugawa wagonjwa makundi mawili, moja linapewa dawa na jingine halipewi, kisha wanalinganisha. Mlonge umejaribiwa hivyo katika nchi kadhaa: mahali pengine sukari ilishuka kidogo, pengine hapakuonekana tofauti. Ni mboga nzuri, tuile. Kuuita tiba ya kisukari, bado.

Linalotutia hofu zaidi ni watoto. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza mwili wake hautengenezi insulini, na hakuna jani wala mzizi unaoweza kushika nafasi ya sindano ile. Akiachishwa, siku chache tu zinatosha kumpoteza. Atakojoa sana, atatapika, atahema kwa nguvu na pumzi yake itanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hapo ni hospitali, usiku huo huo.

Kwa mtu mzima anayekunywa majani, daktari aambiwe. Akifoka, aambiwe hivyo hivyo. Maana majani yakiwa na nguvu kweli, yakikutana na vidonge au insulini, sukari inaweza kushuka mno. Mgonjwa atatoka jasho, atatetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka, na wengine watadhani amelewa. Akiwa anaweza kumeza, apewe maji yenye sukari au soda ya kawaida mara moja, kisha ale chakula. Akiwa amezimia asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitali, na kile kifuko cha majani kiende naye.